Ajansi Isiyouliza Kitu

Nilichagua ajansi ya safari kwa sababu mwenye ajansi hakuniuliza kitu. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani nilidanganywa. Ajansi zilikuwa mbili, niliingia zote mbili kwa miguu yangu mwenyewe, katika juma moja, nikaiacha ile iliyojua kazi nikashika ile iliyonipa soda baridi.

Kwanza mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Goma nimefika mara mbili, na mara zote mbili nilirudi na boti ya kesho yake. Mke wangu anafanya kazi katika ofisi moja ya chuo kikuu, na huwa anawachekesha wenzake kwamba akinituma soko la Kadutu ninaaga watoto mmoja mmoja. Anaongeza chumvi kidogo tu. Ninauza madaftari na kalamu kwenye dirisha la nyumba yetu, hapa Nguba, mjini Bukavu, na biashara hiyo niliipenda tangu siku ya kwanza kwa kuwa haidai nivae viatu.

Mtu kama huyo ndiye aliyepewa kupanga safari ya watu kumi.

Mkubwa wangu, yaani kaka yangu, anaishi Ubelgiji miaka mingi. Ana watoto wawili, sisi tuna wanne, na walikuwa hawajawahi kuonana isipokuwa kwenye simu, kila mmoja akionyesha paji la uso. Alitaka wajuane kabla hawajaota ndevu. Na kwa kuwa kuombea watu sita wa Bukavu visa ya Ulaya ni mchezo wa kuchosha, aliamua tukutane Dubai, wiki moja, katika zile bustani kubwa za michezo ambamo watu hulipa ili waogopeshwe. Alituma video. Treni inapinda angani, inageuka kichwa chini, watu wanapiga kelele kama wanakufa, halafu wanashuka na kupanga mstari tena. Watoto waliitazama mpaka simu ikazimika. Mimi niliitazama mara moja nikaomba maji.

Masharti yake yalikuwa mengi. Vyumba vyote viwe ghorofa moja, na ghorofa yenyewe iwe ya chini, maana shemeji yangu ambaye haogopi treni ya kupinduka anaogopa lifti. Mtoto wake mmoja hali karanga. Bustani zilikuwa mbili, mbali moja na nyingine, na kila moja na siku zake. Halafu sisi huku tulipaswa kuvuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, kupanda gari mpaka Kigali, na huko ndiko iliko ndege. Mkubwa alisema ajansi iwe ya Bukavu tu, kwa sababu mtu wa Brussels hawezi kujua mambo ya mpaka wetu, na kwamba nitaichagua mimi, kwani mimi ndiye mwenye nafasi. Alilisema neno nafasi kwa namna ya watu wa Ulaya, kana kwamba ni ugonjwa.

Ajansi ya kwanza ilikuwa Nyawera, juu ya duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa maman mmoja wa miwani, sauti ndogo, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye meza ili wateja wasiondoke nayo. Nilimheshimu kwa kalamu hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, lifti na karanga na kila kitu, bila kucheka, kisha akaomba vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akavisoma. Yaani alivisoma kwa kweli, kidole chini ya mstari. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hakuna jina moja la kuwafunga ndugu wote pamoja, kwa hiyo anayetaka kujua nani ni wa nani hana njia ila kuangalia mstari wa baba na mstari wa mama.

Alipofika kwenye cheti cha nne, kidole kilisimama.

“Huyu mutoto wa mwisho, papa, iko wa nani?”

“Wangu.”

“Wa kuzaa?”

Nyuma yangu, kwenye benchi, wafanyabiashara wawili waliokuwa wakizungumza habari ya simenti waligeuza shingo.

Mtoto wa mwisho ni msichana wa miaka kumi na mitatu. Mdogo wangu ndiye aliyemzaa. Alikufa kwa ugonjwa wa siku chache, binti hajaanza kutembea, na mama yake akarudi kwao, baadaye akaolewa mbali. Baada ya matanga familia ilikaa, wazee wakanitazama mimi, na tangu siku hiyo mtoto ni wangu. Kwetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako. Hakuna jina jingine la kumwita, wala hakuna anayelitafuta. Alijifunza kusema papa akiniangalia mimi, na mimi sikuona sababu ya kumsahihisha. Mwaka wa kwanza alikuwa mdogo mno kuambiwa. Miaka iliyofuata nilikuwa na madaftari ya kuuza. Cheti chake nilikiweka kwenye kabati, ndani ya bahasha, chini ya nguo zangu za sherehe ambazo, kama mnavyoweza kukisia, hazitoki mara nyingi.

Yule maman alishusha sauti, na kwa hilo namshukuru hata leo. Alinieleza kwamba mtoto wa ndugu havushwi mpaka kwa sahihi ya baba mkubwa hivi hivi, inatakiwa karatasi ya ulezi kutoka mahakama ya watoto. Muda upo, alisema, miezi miwili inatosha, yeye mwenyewe anawajua makarani. Ila jaji anaweza kumwita mtoto na kumuuliza mwenyewe. Akanitazama juu ya miwani na kuniuliza kama mtoto anajua.

Nilikusanya vyeti vyangu nikasema nitarudi kesho.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba yule mwanamke ana kiburi na anauliza kama polisi. Mke wangu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliacha mikono ndani ya beseni, akauliza kama nimeulizwa juu ya mtoto. Nilisikia mteja dirishani, ama nilitaka kumsikia, nikaenda. Hakuuliza tena. Katika nyumba yetu hivyo ndivyo jambo lilivyoamuliwa, na tulikula vizuri tu usiku huo.

Ajansi ya pili ilikuwa kwenye barabara ya kwetu, hatua chache kutoka nyumbani, sifa kubwa sana machoni pangu. Ukutani picha ya mnara mrefu, mezani maua ya plastiki, na kijana mwenye koti la kubana aliyeniletea soda kabla sijakaa. Habari ya lifti ilimchekesha. Habari ya karanga hakuiandika. Aliuliza watoto ni wangapi, nikasema wanne, akauliza kama ni wangu wote, nikasema wote.

“Bon,” alisema. “Papa ni papa.”

Akaandika wanne, akapiga foto kopi za vyeti bila kuvisoma, akavipiga pini pamoja na barua ya ruhusa niliyotia sahihi kama mzazi. Nilitoka pale nimeridhika kabisa. Nilimsifu kwa mke wangu, nikamsifu kwa mkubwa wangu, nikamsifu hata kwa jirani yetu, mjane wa upande wa pili wa ua, ambaye alijibu tu kwamba yeye hajawahi kuona mtu anayefanya kazi ya karatasi bila kusoma karatasi. Nilimwambia kwamba ulimwengu umebadilika.

Visa zilikuja. Za watu sita, zote, bila taabu. Niliziweka mezani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Binti yetu alichukua ya kwake, akaangalia picha, akasema anafanana na mwizi wa kuku, tukacheka wote. Kwa wiki mbili alikuwa ananifundisha namna ya kukaa kwenye treni ya kupinduka. Alinikalisha kwenye kiti cha jikoni, akanishika mabega kutoka nyuma, akanitikisa huku na huku. “Papa, usifunge macho. Ukifunga macho ndiyo unatapika.”

Tulifika Ruzizi asubuhi, jua limeshatoka, valizi sita, watoto wamevaa nguo za Pasaka. Afisa wa uhamiaji hakuwa mtu mbaya. Ningependa sana kuwaambia alikuwa mbaya. Aliwasalimu watoto, akagonga mihuri ya wale watatu wa kwanza na ya mama yao, akafika kwenye faili la nne, akaanza kusoma, kidole chini ya mstari.

“Papa ya huyu iko wapi?”

“Ni mimi.”

Aligeuza karatasi upande wangu, akaweka kidole juu ya jina la mdogo wangu. Akalisoma kwa sauti, majina yote matatu. Binti alikuwa amesimama karibu yangu, mkono wake juu ya mpini wa valizi yangu, kwa sababu alishasema hawezi kuniamini na valizi kwenye daraja.

“Huyu ni nani?” afisa aliuliza.

Ningeweza kuomba tuzungumze pembeni. Mtu yeyote mwenye akili angeomba hivyo. Lakini watu walikuwa wengi nyuma yetu, gari la Kigali lilikuwa linasubiri ng'ambo, nami nilikuwa na haraka ya kuonekana mkweli.

“Ni mudogo yangu. Alikufa.”

“Sasa kumbe wewe ni papa mukubwa. Si useme hivyo. Karatasi ya ulezi iko wapi?”

Mkono ulitoka kwenye mpini wa valizi. Hicho ndicho nilichokiona. Uso wake sikuutazama. Mke wangu aliutazama, akafunika mdomo kwa kitenge.

Yaliyobaki yalikuwa mazungumzo ya watu wazima, marefu na ya bure. Nilimpigia kijana wa ajansi. Akasema, kwa adabu, kwamba sikumwambia, na ilikuwa kweli. Afisa alisema wengine wanaweza kupita. Mke wangu alisema basi turudi wote. Binti ndiye aliyekata shauri. Alisema waende, watoto wa tonton wa Ubelgiji wanangoja, na akamfunga kaka yake kamba ya kiatu, kwa kuwa ilikuwa imefunguka. Nikasema nitabaki naye. Hakuna aliyenishukuru, maana kubaki ndiyo kazi yangu ya siku zote.

Tulipanda gari dogo la kurudi Nguba. Yeye alikaa mbele, mimi nyuma na valizi mbili. Tulipofika karibu na nyumbani aliuliza bila kugeuka kama yaya yake, mkubwa wa watoto, anajua. Nikasema alikuwa na miaka mitano wakati ule, anakumbuka. Akauliza kama maman anajua. Akauliza tonton wa Ubelgiji. Akauliza mjane wa jirani. Kila mara nilijibu ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusema ukweli na nilikuwa sijui namna ya kuacha.

“Kumbe ni mimi tu,” alisema.

Jioni hiyo mkubwa wangu, ameshapata habari, alipiga simu kutoka uwanja wa ndege wa Dubai. Alicheka. Alisema alijua tu nitapata kisingizio cha kutofika, ila hakudhani nitamtumia marehemu. Ni utani wa kaka, amekuwa akinitania hivyo tangu tukiwa wadogo, naye hakujua simu iko mezani, sauti imefunguliwa, na binti anasafisha meza. Alimaliza kuisafisha. Akapangusa hata pembe ambazo huwa tunaziacha.

Picha zilikuja kila siku. Watoto wetu watatu na wale wawili, midomo wazi, nywele zimesimama, treni nyuma yao. Aliziangalia zote, akarudisha simu na ahsante. Hakuninunia. Ningefurahi kama angeninunia. Aliamka, akafagia, akauza kalamu dirishani nilipokuwa nimelala mchana, akaniandikia idadi kwenye karatasi. Ila aliacha kuniita. Mtu anaweza kukaa na mwenzake nyumba moja bila kumwita, sikuwa nalijua hilo. Alingoja mpaka macho yetu yakutane ndipo aseme chakula kiko tayari. Kama nilikuwa chumba kingine alikuja mpaka mlangoni, akasimama, akakohoa kidogo.

Nikaanza kumpikia. Mimi, ambaye mke wangu anasema nachemsha maji mpaka yanaungua. Nilikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, nilipika wali wa nazi ya kopo, nilinunua kuku mzima siku ya kawaida ya juma. Kila sahani niliiweka mbele yake nikiwa na sentensi moja tayari mdomoni, kuhusu mdogo wangu, namna alivyokuwa, na kila mara nikauliza kama chumvi imetosha. Alisema imetosha. Alikula nusu, akaosha sahani zote mbili.

Siku ya tano nilikuwa uani nanyonyoa kuku mwingine. Mjane wa jirani alisimama upande wake wa ua, mikono kiunoni, akanitazama mpaka nikaacha kunyonyoa. Nikamwambia kwamba mtoto hali vizuri siku hizi, nafikiri amekonda.

“Papa, acha kumupikia huyu mutoto kama mugonjwa, njaa hana,” alisema. “Kama unaogopa kumuambia papa yake alikuwa mutu wa namna gani, umutume kwangu leo hii, mimi nilimujua, nitamuambia yote, na nitamuambia pia wewe ulishindwa.”