Siku Tuliyopanda Mnara wa Simu

Mwezi uliopita nilirudi Likoni kwa hitima ya ami yangu, na kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni ule mnara wa simu. Bado upo, ila umezungushiwa ukuta wenye seng'enge, na watoto hawausogelei.

Mimi nilipokuwa darasa la nne, miaka ile ya tisini, mlinzi wake alikuwa jirani yetu, mtu wa bara, na bintiye ndiye shoga yangu. Jumamosi moja, vidole vyetu vingali na mafuta ya viazi karai, baba yake alitufungulia mlango akatupandisha ngazi mpaka kwenye roshani wanaposimama mafundi. Upepo ulikuwa ukivuma masikioni. Niliona minazi kwa juu, mapaa ya makuti, na feri iliyojaa watu ikivuka polepole.

"Kwetu ni pale," shoga yangu akasema, akionyesha bati lao jipya.

"Pale si kwenu," nikamjibu. "Kwenu ni bara. Mtarudi."

Wallahi, maneno yale sikuyatunga mimi. Niliyasikia barazani, wakubwa wakizungumza kwa sauti ya chini, nami nikayachukua vile vile. Baba yake aliyasikia. Hakunikemea. Alisema tu, "Haya, watoto, tushukeni."

Haikupita miezi mingi, vurugu zikazuka. Nyumba nyingi za watu wa bara zilichomwa, na yao ikateketea. Wakakimbilia kanisani. Bibi alipika wali wa nazi, tukaupeleka mimi na yeye. Njiani akaniambia, "Ukimwona mwenzio, mkumbatie."

Shoga yangu alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Aliinuka, akaipokea sufuria kwa mikono miwili kama anayepokea kwa mtu asiyemjua, akasema, "Asante." Nilitaka kumwomba radhi, nikajificha nyuma ya Bibi. Bibi akadhani naona haya. Kesho yake basi likawachukua.

Bibi amekufa bila kujua nililolisema kule juu. Pale palipokuwa na nyumba yao pana ghorofa sasa, na nguo za wapangaji zimeanikwa kila dirisha. Nilimwuliza mzee mwenye duka la jirani kama anaikumbuka familia ya yule mlinzi. Akaniuliza jina lake.

Sikulijua. Nyumbani kwetu tulimwita Mbara tu.