Mama Aliyeitikia Kila Kitu

Heshima nusura imuue mama yangu.

Ilikuwa miaka ya soko huria, maduka ya dawa yamechipuka Songea mjini karibu kila kona, na muuzaji anakufungia vidonge kwenye karatasi kabla hujamaliza kujieleza. Mama aliishi Matogoro na presha yake. Kila nikimpeleka kliniki, nesi anapima, anaguna, anamweleza kuwa dawa ni kila siku, hata siku asiyoumwa. Mama anaitikia, "Ndiyo mwanangu, asante sana." Tukirudi tena, presha iko juu palepale. Siku moja nikafungua pindo la kanga yake, nikakuta vidonge karibu vyote. Kumbe alikuwa anameza pale kichwa kinapomgonga tu, basi.

Nikawaka. Kilichoniuma zaidi ni mjomba, kaka yake. Presha hiyohiyo ilimpoozesha upande mmoja, na kabla hajafa alimwita mama kitandani kwake Ruhuwiko, mimi nimekaa miguuni pake. Alisema kwa taabu, sauti ndogo, mdomo umekwenda upande. Mama alimshika mkono akawa anaitikia, "Ndiyo, kaka. Ndiyo." Sasa jamani, umemkubalia mtu anayekufa, halafu dawa unazifunga kwenye kanga? Nilimwambia hivyohivyo, bila kupunguza. Akanitazama kwa upole, akaniuliza kama nimekula. Nikajisemea, huyu mama ana jeuri ya uzee.

Siku nyingine nikafika kwake nina haraka, nikamkuta anachagua maharage kwenye ungo. Kwetu mtu mzima hakabiliwi kwa maneno makavu. Kuna shikamoo, kuna habari za kuamka, watoto, shamba, kwa mpangilio uleule tangu nizaliwe. Siku hiyo nikapiga shikamoo na kuruka mengine yote.

"Mama, leo umemeza dawa?"

"Tumeamka salama," akasema. "Watoto hawajambo?"

Nikarudia, mara hii kwa Kingoni.

"Shamba tunapalilia, tunamshukuru Mungu."

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Mama alikuwa hasikii. Salamu zetu alikuwa amezikariri, na mengine aliitikia pale alipoona mdomo wa mtu umetulia. Kumwambia nesi arudie mara ya pili, mara ya tatu, aliona ni kumsumbua mtoto wa watu yuko kazini. Hasira zote zikaniisha, nikabaki na huruma na aibu.

Nikampeleka hospitali ya Peramiho. Daktari akachungulia masikio yote mawili. La kushoto, akasema, limechoka kwa uzee na halitarudi. La kulia limezibwa na nta iliyokauka. Akatupa mafuta ya kulainisha tukaweke nyumbani, na tuliporudi akasukumia maji ya uvuguvugu kwa bomba, taratibu, mpaka ikatoka punje nyeusi kama ya kahawa. Mama akageukia dirishani. Nje kulikuwa na mtu anafagia.

"Kumbe ufagio una kelele hivi," akasema.

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi kungojea gari la kurudi Songea. Nikakaa kushoto kwake, kama nilivyozoea. Akanishika mkono, akanihamishia upande wa kulia.

"Mwanangu, siku ile kaka aliniambia nini?"

Miezi yote ile nilikuwa nikimsuta kwa ahadi ambayo hakuwahi kuisikia.

"Alisema, dada, usifanye kama mimi. Mimi niliacha dawa nilipopata nafuu. Wewe meza kila siku, sitaki unifuate mapema."

Mama akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka, akayaacha yadondoke.

"Nilidhani ananiaga," akasema. "Nikawa naitikia tu, asije akajua simsikii, akafa na huzuni."

Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kidonge kimoja, akaniomba nimtafutie maji.