Koti Namba Kumi na Saba

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Zamani alikuwa Fundi tu, kama mafundi cherehani wengine wote, lakini tangu barua ile ifike watu walimwita Baba Daktari, naye hakuchelewa kuitika. Barua yenyewe ilitoka chuo kikuu, ina muhuri, na ilisema kwamba binti yake wa pekee amepata nafasi ya kusomea udaktari. Fundi aliitia kwenye fremu akaitundika juu ya cherehani, mahali ambapo mteja akiinua mikono apimwe kifua hana budi kuisoma. Asiyejua kusoma alisomewa. Aliyekwisha kuisoma alikumbushwa.

Usimcheke. Kwa miaka ishirini na mitatu alishona makoti meupe ya madaktari wa hospitali kuu. Aliwapima mabega, akawapigia pasi, akawafungia kwenye karatasi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari za nyumbani. Mtu wa namna hiyo, siku damu yake inapoitwa kulivaa koti lile, ana haki ya kuringa kidogo. Yeye aliringa sana, lakini hilo ni jambo jingine.

Siku ya kuondoka alimbebea binti yake sanduku hadi kwenye basi, akampa mkono kama wanavyopeana watu wazima, akamwambia, "Usiniangushe." Tangu hapo, kila Jumapili alasiri, simu ililia.

"Daktari wangu, wiki hii mmesoma nini?"

"Mifupa, Baba."

"Yote?"

"Ya mkono kwanza."

Akikata simu alitoka nje kuwatangazia majirani kwamba sasa wamefika kwenye mkono.

Ilikuwa mwezi wa pili wa simu hizo pale fundi wa ng'ambo ya barabara alipovuka na bunda la kitambaa cheupe begani. Huyu watu walimwita Cherehani Mbili, kwa kuwa alinunua mashine ya pili ilhali miguu ya kukanyagia anayo jozi moja. Alikuwa amepata kazi ya kushona makoti arobaini ya wanafunzi wapya wa chuo cha utabibu, mji wa pili kutoka pale, na maji yalikuwa yamezidi unga.

"Baba Daktari, niokoe. Chukua ishirini ya kwanza. Makoti mafupi, hayana shida."

Utabibu, kwa asiyejua, ni masomo ya miaka mitatu. Tabibu hupima wagonjwa, huandika dawa, hushona vidonda, huzalisha, ila juu yake yupo daktari. Koti la daktari hufika magotini. La tabibu huishia kiunoni. Fundi alikuwa na msemo wake juu ya tofauti hiyo, na aliurudia kila alipopata wa kumsikiliza: "Nusu koti, nusu mganga." Watu walicheka. Hata siku hiyo aliusema, Cherehani Mbili akacheka, akamwachia kitambaa na orodha ya vipimo.

Orodha haikuwa na majina. Ilikuwa na namba tu, moja hadi ishirini, na mtu aliyepima alikuwa makini. Fundi alikata makoti kumi na sita kwa siku mbili huku akisikiliza redio. Alipofika namba kumi na saba akaandika kwa chaki: mabega kumi na tano, kifua thelathini na nne, mkono wa kulia ishirini na tatu, mkono wa kushoto ishirini na mbili kasorobo. Pembeni mpimaji alikuwa ameongeza: "Bega la kushoto limeshuka inchi moja."

Akaiweka chaki mezani.

Fundi husahau sura ya mtu, mwili hausahau. Binti yake alipokuwa na miaka tisa alianguka kutoka ukutani kwa jirani, akavunjika mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa begani, nao ukaunga vibaya. Tangu mwaka ule, kila gauni na kila sare ya shule, baba yake alizishona kwa hesabu hizo, akiongeza kipande cha sponji ndani ya bega ili watoto wenzake wasimcheke. Akafungua daftari lake. Vipimo alivyomchukua kabla hajaondoka vilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa kiuno. Kiuno kilikuwa kimeongezeka nusu inchi. Amenenepa, akawaza. Huko aliko anakula vizuri na analala vizuri. Hilo ndilo lililomchoma kwanza, kabla hata hajaelewa kwa nini.

Alijiambia kwamba duniani mabega yaliyoshuka ni mengi. Kisha akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaenda nyumbani.

Mkewe alikuwa akianua nguo. Fundi alimsimamia.

"Mtoto wetu yuko wapi?"

Mke angeuliza maana yake nini, au angesema chuo kikuu, pengine mumewe angerudi dukani na kujicheka. Lakini alizikumbatia zile nguo kifuani, akakaa kwenye ngazi.

"Nani amekwambia?"

"Bega lake limeniambia. Nani mwingine anajua?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Kaka yangu."

"Na nani?"

"Jirani wa mkono wa kushoto. Na yule tabibu wa zahanati."

"Kwa hiyo mtaa mzima unaniita Baba Daktari huku..."

"Si mtaa mzima," alisema mkewe. "Wa mkono wa kulia hajui."

Basi yakatoka yote. Ile miezi ya kusubiri chuo kufunguliwa, binti alikuwa akienda zahanati kusaidia. Baba alimruhusu kwa moyo mweupe, azoee harufu ya dawa. Huko alikaa karibu na tabibu, mama mmoja mtu mzima, ambaye ndiye aliyekuwa pale asubuhi, ndiye aliyekuwa pale jioni. Daktari alikuja Alhamisi tu, akatia sahihi kwenye mafaili, na kabla ya adhuhuri gari lake lilikuwa limeondoka. Binti alimwambia mama yake kwamba hataki kuwa mtu wa Alhamisi. Akaomba chuo cha utabibu, akapata, na chuo kikuu akakiandikia barua kwa mkono wake kwamba nafasi yao haihitaji.

"Alikataa?" Fundi aliuliza. "Hawakumfukuza? Hakufeli?"

"Alikataa, mume wangu."

Kufeli angemhurumia. Kufukuzwa angeenda kupigana na waliomfukuza. Lakini barua iliyokuwa kwenye fremu, ile aliyowasomea wateja, wauza maziwa na mtoza ushuru wa soko, binti alikuwa ameikataa kabla haijakauka gundi ya fremu, akamwacha baba yake aendelee kuisoma kwa sauti. Na kila Jumapili akamtajia mifupa.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikwambia. Ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano. Alisema, 'Baba, na nikiwa tabibu je?' Ukacheka, ukasema nusu koti."

Fundi alikumbuka. Alikumbuka hata rangi ya uzi. Lakini kukumbuka hakukumpunguzia kitu, maana mtu anaweza kujua kwamba na yeye ana kosa na bado akasalitiwa, na yeye alisalitiwa; hakulitafutia jambo hilo neno la adabu. Wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mke, binti na shemeji, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Na fomu?" aliuliza. "Vyuo vyote vinataka sahihi ya mzazi."

Hapo mkewe alianza kulia. Chuo kile kilitaka baba au mama afike mwenyewe siku ya kujiandikisha. Yeye hakuweza kwenda bila mumewe kujua. Kaka yake, dalali wa viwanja, mtu ambaye ulimi wake haujawahi kukosa la kusema, ndiye aliyekwenda.

"Alisaini kama nani?"

"Kama baba."

Fundi aligeuka kuelekea barabarani.

"Nakuomba," alisema mkewe. "Mkasirikie hapa hapa nyumbani, mimi nipo, nikasirikie na mimi. Usiende kule. Mwaka jana walimfukuza mwanafunzi kwa mzazi wa bandia, siku hiyo hiyo. Neno lako moja tu na mtoto hana chuo, hapa wala kule."

Jumapili simu ililia kama kawaida.

"Wiki hii mmesoma nini?"

"Moyo, Baba."

Alingoja. Alimpa nafasi ndefu, mpaka binti akauliza kama simu imekatika. Wangapi wanapata nafasi kama ile ya kusema kweli? Naye binti alisema kwamba moyo una vyumba vinne, akamuaga. Siku hiyo Fundi hakutoka nje kumtangazia mtu.

Koti namba kumi na saba alilishona la mwisho. Kwanza alikusudia kuliharibu. Alitaka bega lile lining'inie, wenzake walione, na yeye ajue nani amekuwa akilificha miaka yote. Alilikata hivyo kabisa. Halafu akalitazama, akakitupa kitambaa, akakata kingine, akatia sponji ndani ya bega kama alivyozoea. Alilia kidogo wakati wa kutia vifungo, na hasira ilikuwa pale pale, haikwenda popote.

Cherehani Mbili alitaka kuyapeleka mwenyewe. Fundi alikataa. "Kazi yangu naipeleka mimi. Likibana mahali nalirekebisha pale pale." Alivaa suti yake. Mkewe alimfuata mpaka mlangoni, na Fundi hakumwambia anakwenda kufanya nini. Ukweli ni kwamba hakujua. Njia nzima alikuwa na neno moja mdomoni, lile la kumtoa binti chuoni, na hakulitema wala hakulimeza.

Ukumbi wa chuo ulikuwa mrefu, una madirisha upande mmoja na meza moja mbele. Mezani alikaa karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani na rejista, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Alimkaribisha Fundi, akamvutia kiti, akaanza kuita namba. Wanafunzi walipanga mstari. Kila aliyefika alisema "Shikamoo, fundi," akavaa koti, Fundi akamzungusha, akavuta mshono wa kwapa, akachoma pini palipohitaji. Pini alizibana mdomoni, kama mafundi wote.

Alimwona mapema. Alikuwa mtu wa kumi na saba kwenye mstari na alikuwa akicheka na mwenzake. Kisha akageuka mbele, akamwona baba yake, kicheko kikafa. Hakukimbia. Alisogea hatua moja moja na mstari.

"Namba kumi na saba!" aliita karani, akainama kumnong'oneza Fundi. "Huyu baba yake alituchekesha siku ile, hujaona! Mzee wa utani. Halafu wakati wa kuagana akamkumbatia mwanawe pale mlangoni, akalia kama mtoto mdogo. Nikasema, hawa ndio wazazi. Wengine huwatupia watoto sanduku na kwenda zao."

Binti alikuwa amefika mbele ya meza. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama baba yake, akamtazama karani, akaitazama rejista iliyo wazi.

"Shikamoo, fundi," alisema.

Fundi aliitika kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa na pini. Alilikunjua koti, akamvika. Mikono ilitosha. Alimzungusha kama alivyowazungusha wengine, akapitisha kiganja juu ya bega la kushoto, na bega lilikaa sawa na la kulia.

"Ajabu!" alisema karani. "Hilo bega lilitusumbua kulipima, na wewe umelipatia bila kumwona. Fundi, wewe nawe una watoto?"

Fundi alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye upindo wa koti la suti yake. Zilikuwa nne. Hakuwa na haraka.

"Ninaye mmoja," alisema. "Wa kike."

Binti alifumba macho.

"Yuko wapi?"

Rejista ilikuwa pale mezani, wazi, na sahihi ya shemeji yake ilikuwa ndani yake mahali fulani. Fundi alimtazama binti yake na kumsubiri. Alimsubiri kuliko alivyosubiri kwenye simu.

"Yuko chuo kikuu," alisema. "Anasomea udaktari."

"Hongera sana, mzee! Si haba! Lazima anakuringishia huko."

"Hunipigia kila Jumapili," alisema Fundi.

Karani alikwisha kuinamia rejista kutafuta namba inayofuata. Binti alifunga kifungo cha juu, akakosea tundu, akakifunga tena.

"Asante, fundi," alisema, akampisha namba kumi na nane.