Samaki wa Kabati la Maandazi

Mwezi uliopita nilikwenda Geita kwenye harusi ya mtoto wa shemeji yangu, nikafikia kwenye nyumba ya wageni mpya, yenye vigae vya kuteleza na televisheni isiyozimwa. Pale mapokezi wameweka tangi la kioo lenye taa ya buluu, na ndani yake samaki weupe na wa rangi ya chungwa. Mmoja alikuwa amejibanza kwenye kona, mapezi yamechanika kama kanga ya jikoni, na wenzake wawili wanamnyemelea. Nikamwuliza binti wa mapokezi waliwachaguaje. Akanijibu kwa adabu zote, "Mama, tuliangalia wafanane na mapazia."

Nilicheka hadi nikatafuta kiti. Binti akadhani ni uchovu wa safari, akaniletea maji. Wala haukuwa uchovu. Nilikuwa nimerudi Chato, nina miaka kumi na mmoja, nimepiga magoti mbele ya kabati la maandazi lililojaa samaki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya foleni, wakati mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi na sukari ilifichwa chini ya kitanda. Niliishi na bibi mzaa mama, karibu na mwalo, pale mitumbwi ilipokuwa inafika na samaki asubuhi. Bibi alikausha samaki na kuwauza. Nguo zangu zilinuka moshi kiasi kwamba darasa lilijua nimeingia kabla sijaonekana mlangoni. Kila siku tulikula furu. Kama hukuwahi kuwaona, furu ni samaki wadogo, wengi wao hawazidi kiganja cha mtoto, na enzi hizo ziwa lilikuwa nao wa kila namna: wa buluu, wa njano, wenye kifua chekundu, weusi kama sufuria. Tuliwatia wote chungu kimoja, wakawa mchuzi, hatukuwaza zaidi ya hapo.

Aliyetufanya tuwaze ni mwalimu wetu wa Sayansi. Alitoka upande wa Shinyanga, kwa wafugaji, na kabla ya kupangiwa shule yetu hakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Samaki alimla polepole, akiogopa miiba, nasi tulimcheka kwa siri. Lakini alikuwa mtu wa vitendo. Alisema ni aibu watoto wa ziwani kufundishwa samaki wa kuchorwa kwa chaki. Jirani yetu mwenye mgahawa alikuwa amefunga biashara kwa kukosa unga wa ngano na sukari, na kabati lake la vioo la kuwekea maandazi lilikaa tupu. Mwalimu akaliomba. Fundi wa mitumbwi akaziba pembe zake kwa pamba na lami, likawekwa juu ya meza nyuma ya darasa, tukalijaza maji ya ziwa kwa ndoo. Siku za kwanza liliachia vitone vya mafuta juu ya maji, na wengine tuliapa kwamba tunasikia harufu ya maandazi.

Kisha mwalimu akatuambia kila mmoja alete samaki anayempenda. Hapo ndipo tulipoharibu. Waliopenda kung'aa walileta dagaa, na dagaa hawakumaliza hata kipindi cha Hisabati. Wengine wakaleta furu waliokolea rangi kuliko wote. Mmoja akaleta kambale mwenye sharubu, kwa sababu alifanana na mwalimu mkuu. Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kuingia asubuhi na kuwasalimu samaki kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Siku ya tatu alipowasalimu, aliyebaki wa kupokea salamu ni kambale peke yake, tumbo limejaa.

Jioni hiyo mwalimu alikuja nyumbani kwetu. Nilidhani nimeshtakiwa, nikajificha nyuma ya tanuri la kukaushia. Alimwamkia bibi shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akamweleza msiba wote. Alipomaliza, bibi akamwuliza, "Mwanangu, huko kwenu ng'ombe mpiga pembe mnamfungia zizi moja na ndama?"

"Hapana, bibi."

"Mnamjuaje kwamba anapiga pembe?"

"Tunamtazama. Tangu akiwa mdogo tunamtazama."

"Basi na hawa watazameni," bibi akasema, akaendelea kugeuza samaki wake.

Jumamosi tulikwenda naye mwaloni, mwalimu na darasa zima. Bibi akaomba kwa wavuvi furu walio hai, akawatia kwenye karai pana, kisha akachutama na kutumbukiza kidole majini. Akangoja. Wengine walikimbia na kujigonga kwenye ukingo wa karai. Hao alisema watakufa kwa hofu, akawarudisha ziwani. Mmoja mwenye mgongo wa buluu, mzuri kuliko wote, alikuja mbio akauma kidole. Mwalimu akapendezwa naye. Bibi akamtoa kwa mkia na kumtupia kwenye kapu la mboga. Aliowataka ni wale waliosogea taratibu kukitazama kidole, wakakizunguka, wakaenda zao. Akatuchagulia wa aina hiyo, saba au wanane, na juu yao gogogo mmoja, yule samaki mwenye miiba mikali anayelia ukimkamata. Alisema huyu mchana hulala na hana ugomvi na mtu, ila mpeni nyumba. Tukampa kopo la maziwa.

Sijui nikueleze vipi furaha ya miezi ile. Tuliwapa majina ya kazi. Karani alikuwa anadonoa kioo siku nzima kama anayeandika. Balozi, mwenye kifua chekundu, alizunguka kona zote asubuhi na jioni kama balozi wa nyumba kumi anayekagua wageni, na wawili wakigombana alipita katikati yao mpaka wakaachana. Mzee wa Kopo ndiye gogogo. Tulimwona sharubu tu. Mimi nilichaguliwa kiranja wa samaki kwa sababu ya bibi yangu. Kazi yangu ilikuwa kubadili maji, kuwapa pumba na kumbikumbi, na kufukuza vidole vya darasa la kwanza. Wazazi walikuja kuchungulia. Mwalimu mkuu alihamishia kikombe chake cha chai nyuma ya darasa letu, akidai anakagua ufundishaji.

Kisha furu mmoja jike, mpole, wa rangi ya majivu, akaacha kula. Kidevu kikamvimba. Nililia nikijua anakufa, nikaenda kwa bibi. Bibi akaniuliza, amefumba mdomo? Nikasema amefumba. Akacheka, akaniambia nirudi shule nisimsumbue mama wa watu. Siku kadhaa baadaye, katikati ya somo la Siasa, furu yule alifungua mdomo, wakatoka watoto wake, wadogo kama vichwa vya viberiti, wakaelea mbele ya uso wake. Mtu akagonga dawati, na wote wakarudi mdomoni kwa mkupuo. Somo la Siasa halikuendelea.

Sasa nifikie sehemu ambayo sikuisimulia kwa miaka mingi.

Ijumaa moja mvuvi jirani yetu alileta shuleni samaki mgeni. Siku zile ndipo sangara walipoanza kuonekana upande wetu, mmojammoja, na watu waliwashangaa. Huyu alikuwa mdogo, kama urefu wa kalamu, mweupe wa fedha, na macho yake yalimeta kama taa ya baiskeli. Kwenye ndoo alitulia tuli. Hakukimbia, hakuuma. Niliingiza kidole, akakitazama tu. Nikampenda kuliko nilivyowahi kupenda samaki yeyote.

Mwalimu alikuwa ameshajifunza. Akanituma kwa bibi kumwuliza kama afaa kukaa na wenzake. Nilikimbia na ndoo kichwani. Bibi akainama, akamtazama kwa muda mrefu, akatumbukiza kidole, akakitoa. Akasema, "Huyu simjui. Msimweke."

Nilimwambia ametulia, bibi, ona alivyo na adabu. Akajibu kwamba kutulia ameona, ila hajui ametulia kwa sababu gani.

Kutoka kwetu hadi shuleni ni mwendo mfupi, na mwendo huo wote nilibishana na bibi kichwani. Nilipofika, mwalimu akauliza bibi amesemaje. Nikasema, "Amesema hana neno."

Tukammwaga sangara kwenye kabati letu. Alikwenda kona ya chini, akasimama kimya. Tukapiga makofi, tukaenda nyumbani.

Jumatatu mwalimu aliingia, akasema mwangaluka, akainamia kioo. Karani hayupo. Balozi hayupo. Yule mama wa rangi ya majivu na watoto wake hawapo. Mzee wa Kopo alikuwa kwenye kopo lake, miiba imesimama. Na kwenye kona ile ile, kimya vile vile, amesimama sangara, amenenepa.

Darasa lilikaa kama msibani. Mwalimu akasema, kwa sauti ya kujilaumu, kwamba hata bibi safari hii amekosea. Hilo ndilo lililonishinda. Ningeweza kuubeba uongo wangu, lakini si kusikia bibi yangu anaambiwa amekosea. Nikasimama, nikasema, "Bibi hakukosea. Alikataa. Mimi ndiye niliyesema uongo." Nikafunga macho kungoja fimbo.

Fimbo haikuja. Mwalimu aliniambia maneno machache: jioni niende nikamweleze bibi mwenyewe, wala yeye hatanifuata kuhakikisha. Kisha akawauliza wenzangu tufanye nini na mgeni. Wengine walitaka arudishwe ziwani, wengine afukiwe hai. Mwishowe mwalimu akamkaanga jikoni kwake, tukagawana wanafunzi arobaini, kila mmoja kipande kama ukucha. Ningependa kukuambia alikuwa mchungu. Alikuwa mtamu sana.

Bibi nilimweleza tukiwa tunaosha vyombo. Hakugeuka. Alisuuza sufuria, akaifunika, akaniambia niamke mapema. Alfajiri tukashuka mwaloni. Akajaza karai, akalisukuma mbele yangu, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mikono ameifumbata kifuani. "Chagua wewe," akasema.

Nilichagua mpaka jua likapanda. Kila nilipomtazama anisaidie, alitazama ziwa. Nilichukua sita. Nilipomaliza, alikuja akainama juu ya ndoo, akamtoa mmoja, akamtupia kapuni, akasema watano hawa wataelewana. Na walielewana, hadi tulipomaliza darasa la saba na mwalimu akahamishwa. Siku ya kuondoka kwake tuliwamwaga penye mawe, kwenye kina kifupi, na mwalimu aliyekuwa anaogopa miiba akavua viatu akaingia majini hadi magotini kuwaaga kwa Kisukuma.

Nilipokuwa sekondari, kila likizo nilikuta mwalo umebadilika. Sangara walikuja wengi, wakubwa kama mbuzi, na malori yakaja kuwachukua. Mabati yakaongezeka kijijini. Bibi naye aliwauza kama wengine, na ada yangu yote ililipwa na samaki yule, kwa hiyo siwezi kumtukana mbele yako. Lakini furu wakapungua, kisha wa buluu wakakoma, kisha wenye kifua chekundu. Siku hizi wataalamu wanasema baadhi yao wamerudi kidogo kidogo. Nimetafuta kwenye makapu ya mwaloni. Wale wetu sijawaona.

Likizo moja bibi aliniambia nichukue daftari. Akaketi, akaanza kunitajia furu wote aliowahi kuwakausha, si kwa rangi, kwa tabia: yule anayefuata kivuli, yule anayelala ubavu akijifanya mfu, yule asiyeweza kukaa bila mwenzake. Tulijaza kurasa na kurasa kwa siku mbili, tukicheka. Bibi amekwisha kufariki, na daftari lile liliingiwa na mchwa nikiwa chuoni. Karibu yote yamebaki kichwani. Nikipata msikilizaji kama wewe, naweza kukueleza nani alikuwa mpole, nani mchokozi, na nani ungemweka na nani wakakaa kwa amani mwaka mzima. Kukuonyesha tu ndiko nisikoweza.