Sari Haiendi Miguuni

Maximilla Nanyama hakuzaliwa na hasira. Alizikuta Kibuye, sokoni Kisumu, zikimngoja kando ya cherehani, na tangu siku hiyo zimekuwa zake. Ukimsimamia kichwani anaposhona, anakasirika. Ukimwambia "fanya tu haraka haraka," anakasirika zaidi. Na ukiinua sari iliyotundikwa kibandani kwake, ukainusa, kisha ukakunja pua na kusema inanuka bizari, utaambiwa urudi nyumbani ukanuse blanketi lako mwenyewe.

Tatizo ni kwamba kazi aliyojichagulia ndiyo inayowaleta watu wa namna hiyo. Mafundi wenzake hushona sare za shule na kupunguza suruali za mitumba, kazi zisizo na maneno. Yeye hutafuta nguo kuukuu za Kihindi, sari na shali na zile suti za akina mama zenye suruali na mtandio, akazifumua mshono kwa mshono, akazifua kwa mkono, akazianika kivulini, kisha akazigeuza mavazi ya ngoma na maigizo, mikoba, mapambo ya ukutani, na blanketi za viraka za watoto wachanga. Vikundi vya ngoma kuanzia Kisumu mjini mpaka Bondo vinamjua. Vinamjua na kumwogopa kidogo, maana haishii kupima kiuno. Anataka kujua vazi ni la nini, litachezewa wapi, na nani atachekwa.

Lakini swali lake la kwanza huwa jingine. Mtu akimletea nguo, kabla hajaigusa humwuliza: "Mwenyewe yuko hai?" Kwao Bungoma nguo za marehemu hazipitishwi mkasi ovyo. Ukoo hukaa chini kwanza, zikagawanywa, kila mmoja akajua nani amechukua nini. Wauza mitumba humwona kichaa. Marobota yametoka ng'ambo, sasa nani ajue kama mwenyewe anakula au ameliwa na mchwa? Basi marobota ya ng'ambo Maximilla huwaachia wenyewe. Yeye hutaka nguo za hapa hapa Kisumu, zenye mlango wa kwenda kubisha.

Ndivyo alivyomjua Mama Hansa. Msichana wa kazi alileta kibandani gunia la sari za tajiri wake, na alipoulizwa lile swali akababaika. Maximilla akafunga kibanda, akajitwika gunia mpaka mtaa wa Milimani, akabisha. Mlango ulifunguliwa na bibi wa Kihindi mwenye mkongojo na miwani minene. Huyo ndiye Hansaben, mjane wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyezaliwa Kisumu kabla ya Uhuru na anayekisema Kijaluo vizuri kuliko nusu ya wapangaji wa mtaa wa Migosi, Maximilla mwenyewe akiwa mmojawapo.

"Natafuta mwenye hizi nguo," Maximilla alisema. "Yuko hai?"

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Wewe unaonaje?"

Urafiki ulianzia hapo, urafiki wa watu wawili wasiopenda upuuzi. Magoti ya Mama Hansa yalikuwa yamekataa habari za sari, siku hizi alivaa zile suti za suruali tu, na kabatini mlikuwa na sari za maisha mazima. Akawa anazitoa moja moja. Sharti lake lilikuwa moja, na alilisema akiwa ameshika kidevu cha Maximilla kama anayemlisha dawa mtoto.

"Kata, shona, pika kama unataka. Lakini miguuni hapana. Zulia hapana, kiatu hapana, kitu ya kukalia hapana. Umesikia, nyathina, mwanangu?"

"Nimesikia, Mama. Nakuapia."

Na Maximilla akiapa, ameapa. Wateja waliotaka makapeti ya sari aliwafukuza. Vipande vya sari vilivyobaki hakuvitupa kwenye kapu la vipande vingine. Alivitia katika mfuko wake wa peke yake chini ya cherehani, akawa anavifanyia nguo za wanasesere. Hilo kapu lilikuwa la jirani yake Aloo, mama wa kutoka Bondo aliyekuwa akisuka mazulia ya mlangoni kwa vitambaa vilivyochanwachanwa. Pale Kibuye ndiyo desturi: fundi anakata, kinachoanguka ni cha jirani, na hakuna anayeomba mara mbili.

Mwaka huu Mama Hansa alitoa sari ambayo Maximilla hakuthubutu kuikunjua mpaka anawe mikono. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, na pindo lake zito la uzi wa dhahabu lilikuwa na tembo wadogo wanaofuatana. Ndiyo aliyoolewa nayo.

"Wajukuu wangu wanavaa jinzi," alisema. "Hii ikifia kabatini, nani amefaidika? Umesema watoto wa shule ya Kisian wanacheza hadithi ya Wahindi, reli na maduka. Basi wacheze nayo. Mimi nitakuja kuiona."

Watoto wa Kisian walikuwa na mwalimu, na mwalimu huyo, Mathews Waliaula, aliletwa duniani ili Maximilla asipate raha. Leo anataka mikono mirefu, kesho mifupi. Leo wachezaji ni wasichana watupu, kesho wameongezwa wavulana wa kubeba reli. Tena haji kuuliza. Huja akiwa ameshaamua, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuhutubia soko zima.

Siku hiyo alikuja na wazo jipya, sari nyekundu ikiwa imeshapunguzwa kwa kimo cha watoto na masalio yake, pindo na yote, yamo katika ule mfuko.

"Mama Shantel," alimwita Maximilla kwa jina la bintiye, "nimefikiria tena. Huyu Mhindi mwenye duka wa mchezo wetu tumuwekee tumbo. Mto hapa mbele. Alafu tumfunge hiyo sari nyekundu kwa kichwa, iburute mpaka chini, akitembea inamuangusha. Watu watakufa na kicheko!"

Maximilla akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Sari ni ya mwanamke, Mwalimu."

"Ndio maana itachekesha."

"Kuna mtu aliolewa na hii nguo."

"Si iko mitumba sasa?"

Hapo damu ikamchemka. Aliwahi kuvumilia mengi kwa mteja, lakini hili hapana. Akamwambia mwenye nguo yuko hai, ana jina, atakaa mstari wa mbele, na Mwalimu amwoneshe kabisa ni wapi pa kucheka. Mwalimu akasema Wahindi wanapenda mchezo, hawana shida. Akaulizwa ni Mhindi gani aliyemtuma kusema hivyo. Wanunuzi wa nyanya wakasimama kusikiliza. Na katikati ya moto huo, Aloo, ambaye alikuwa ameishiwa na vitambaa, akawa anamvuta Maximilla upindo wa gauni.

"Mama Shantel, kapu imeisha. Nichukue na hizi za huu mfuko?"

"Ngoja, Aloo." Kisha kwa Mwalimu: "Mto peleka kitandani kwako!"

"Mama Shantel, hizi za mfuko..."

"Chukua!" Maximilla akafoka bila kugeuka. "Chukua zote, mniachie masikio yangu!"

Aloo akachukua zote. Hakuwa na kosa, aliuliza, akajibiwa. Mwalimu naye mwishowe akasalimu amri. Mwenye duka atavaa koti la kawaida na kubeba mizani, na sari nyekundu atavaa msichana anayeongoza ngoma. Maximilla akarudi kwenye cherehani akitabasamu peke yake. Alikuwa ameilinda heshima ya Mama Hansa mbele ya soko zima, na aliona fahari kweli kweli. Kelele zote hizo, na ule mfuko wa vipande vya sari ulikuwa umekwenda.

Aligundua siku ya onyesho lenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ardhi ya Kisian ni ule udongo mweusi unaonata, unaovua watu viatu. Maximilla alifika shuleni na kifurushi cha mavazi kichwani, tayari ameudhika, maana Mwalimu alikuwa amempigia simu njia nzima. Alimkuta mlangoni mwa ukumbi, anang'aa kwa furaha.

"Umeona vile nimepanga? Nimewekea wageni zulia wapanguse matope. Nimenunua kwa yule jirani yako. Safi sana, iko na rangi!"

Maximilla akatazama chini. Wazazi walikuwa wanaingia kwa makundi, na kila mmoja alikuwa akisugua soli zake kwa bidii kwenye zulia lililosukwa kwa vitambaa vyekundu. Kulizunguka zulia hilo, kwa ustadi wote wa mikono ya Aloo, lilikuwa limeshonelewa pindo la dhahabu. Tembo wale wadogo walikuwa bado wanafuatana. Miguu yao ilionekana mpaka magotini, kwingine kote ni tope.

Lo! Kwanza alitaka kumrukia Mwalimu. Kisha akamtafuta Aloo katika mawazo yake, apate wa kumlaumu. Lakini neno "chukua zote" lilikuwa limetoka kinywani mwake mwenyewe, na alilisikia upya kama limesemwa sasa hivi. Ameshinda akiwapigia kelele watu wasiojua heshima ni nini, na aliyeivunja ni yeye, kwa sababu hakuweza kunyamaza kidogo tu amsikilize jirani yake.

Nje tuktuk ilisimama. Mkongojo ukatoka kwanza, halafu Mama Hansa, amevaa suti ya rangi ya maziwa, suti ya kwenda mahali pa maana.

Maximilla alimsukumia Mwalimu kifurushi, akalizoa zulia kutoka miguuni mwa mzazi mmoja nusura amwangushe, akakimbilia nalo mstari wa mbele. Pa kulificha hakuna. Chini ya benchi paonekana. Akalikunja, akaliweka juu ya benchi, na kwa kuwa bibi alikuwa ameshaingia mlangoni na anamwita kwa mkono, akafanya jambo la kwanza lililomjia. Alilikalia.

Mama Hansa akaketi kando yake polepole, goti moja kisha jingine. Akapumua. Akauliza habari za Shantel, na kama amepata kazi. Maximilla akajibu. Maji ya tope yalikuwa yanapenya kwenye gauni lake la kanisani na kuteremka kwenye mbao. Bibi akaangalia matone sakafuni. Kisha akaangalia pembeni mwa paja la Maximilla, ambapo pindo la dhahabu, upana wa kidole kimoja, lilikuwa limechungulia.

"Simama," alisema.

Maximilla akasimama. Mama Hansa hakuligusa zulia. Alilisogezea uso tu, miwani karibu kabisa, kama mtu anayesoma.

"Ilikuwa wapi?"

"Mlangoni, Mama."

"Watu walikanyaga?"

"Walikanyaga. Mimi sikujua, nakuapia. Kuna mama jirani yangu, nilikuwa nagombana na huyu mwalimu, akaniuliza, nikamwambia tu achukue, sikuangalia..." Maneno yalimtoka mfululizo, na jinsi yalivyotoka ndivyo yalivyozidi kukosa maana.

Bibi alimwacha amalize. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililouma:

"Hao walikanyaga hawajui. Wewe umekalia unajua."

Ngoma zikaanza. Aliliokota zulia akalishika kifuani kwa mikono miwili, akabaki amesimama. Jukwaani wavulana waliingia na reli ya mbao mabegani, wakiimba. Mwenye duka akaja na mizani yake, akapima sukari ya kujifanya, akampa mama mmoja nyongeza, na ukumbi ukapiga makofi. Hakuna aliyeanguka. Kisha wasichana wakaingia, na mbele yao yule wa sari nyekundu, mabega yakicheza kama ya mtoto wa Kijaluo yanavyojua kucheza, na kitambaa kikimfuata kila alikoelekea.

Maximilla hakuona vizuri. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na nyuma watu walishaanza kupaza sauti.

"Mama, kaa chini!"

"Hatuoni! Tulikuja kuangalia mgongo yako?"

Hakukaa. Siku nyingine yoyote angegeuka akawapa za uso, kila mmoja na fungu lake. Leo aliona wana haki, akainamisha kichwa, lakini miguu ilikataa kukunjika. Angekalia nini tena mbele ya huyu mama?

Mama Hansa hakuyaondoa macho jukwaani. Midomo yake ilikuwa inatembea, anaimba au anahesabu, haikujulikana. Halafu, bado anatazama mbele, akanyoosha mkono, akalishika zulia, akalivuta kutoka kifuani mwa Maximilla. Maximilla akaling'ang'ania kidogo.

"Litakuchafua, Mama."

"Lete."

Akaliweka mapajani mwake na matope yake yote, akaligeuza pindo likae juu, akalifunika kwa viganja viwili.

"Bed piny," akasema. "Kaa. Unazuia watu."

Maximilla akakaa kwenye mbao zilizolowa. Ngoma ilipoisha, tope lilikuwa limeshaingia kwenye ile suti ya rangi ya maziwa.