Mkwe Mpiga Fidla

Jumamosi nilimsindikiza kijana wa jirani yangu kwenda kuposa Kamachumu. Baba wa binti akamwuliza kazi yake.

“Napiga fidla kwenye okestra, tata.”

“Mkubwa wenu nani?”

“Kondakta.”

Mzee akatua kikombe cha kahawa. “Nimsomeshe binti yangu, halafu aolewe na mtu wa basi?”

“Hapana, tata! Kondakta wetu husimama mbele akatikisa kijiti, sisi ndio tunapiga.”

“Yeye anapiga nini?”

“Hapigi chochote.”

“Na mshahara?”

“Anatuzidi wote.”

Mzee akatabasamu. “Basi kazana ufike hapo, mwanangu.”

Posa ikapokelewa. Njiani kurudi Bukoba kijana alinuna. Miaka yote hiyo amejifua na fidla, na mke kampata kwa sifa za mtu asiyepiga hata uzi mmoja.