Mashine Iliyoniponya Kikohozi Inavuta Hewa ya Chini

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba uyaweke maneno yangu kama yalivyo, bila jina langu. Nina miaka sitini na minane. Nilikuwa mwalimu, nilifiwa na mke wangu, na sasa ninaishi upande wa Munigi katika nyumba ya mwanangu. Nitamwita Kambale. Kwetu Wanande jina hilo halimfichui mtu; ukiliita barabarani watageuka wengi.

Mimi na yeye tunafanya useremala katika karakana iliyo nyuma ya nyumba. Vumbi la mbao liliniingia kifuani hata nikawa siwezi kumaliza sala bila kukohoa. Kambale akaapa kununua mashine ya kuvuta vumbi. Mimi nilitaka ile ndogo, inayofungwa kwenye msumeno mmoja. Yeye akachagua kubwa, yenye mabomba mapana yanayofika kwenye msumeno, kwenye randa na kwenye meza ya msasa.

"Papa, maranda haiue mutu," akaniambia. "Yenye kuua ni ile vumbi yenye haionekane."

Alisema kweli. Mashine na mfuko wake akaviweka nje, nyuma ya ukuta, ili kelele na vumbi vibaki huko. Kisha akapigilia mbao kwenye madirisha yote mawili kwa sababu ya wezi na macho ya majirani. Kikohozi kikaniacha. Nilimshukuru mwanangu mbele ya watu.

Lakini mashine hiyo inatoa hewa nje kutwa nzima, na chumba kimefungwa. Hewa ya kujaza nafasi yake inatoka wapi? Swali hilo lilinijia siku nilipoona maranda yakitikisika kwenye ufa wa sakafu, pale pembeni. Yalikuwa yanapulizwa kutoka chini.

Sakafu yetu imemwagwa juu ya mawe ya volkano. Wenyeji wanaijua mazuku, hewa nzito itokayo katika nyufa za mawe hayo. Haina rangi, hulala chini kama maji, na mbuzi akilala ndani yake haamki. Kambale alikulia Butembo kwa babu yake, kwenye udongo mwekundu. Mawe haya hayajui.

Mimi hufanya kazi nimesimama. Yeye huketi sakafuni akipiga msasa miguu ya viti. Mimi sina neno; yeye kila alasiri kichwa kinamuuma. Juzi aliinama kuokota skrubu, akabaki amepiga magoti mpaka nilipomshika bega.

"Ni usingizi tu, Papa."

Nilizima mashine, nikangoja vumbi litue, nikashusha taa ya mafuta karibu na ufa. Ilipofika usawa wa goti, moto ukafa. Nikaiwasha tena, ukafa tena. Kambale akaninyang'anya taa.

"Muzee, unaleta moto mu vumbi ya mbao? Unataka kutuchoma?"

Hapo pia alisema kweli. Nikamwambia ni mazuku.

"Mazuku iko kule ku mabonde. Hapa tuko mu nyumba."

Mkewe, Kavira, akacheka mlangoni. "Muache. Anaonea mashini wivu. Zamani ni yeye alikuwa anapiga kelele humu."

Nikamwomba mwanangu tubandue mbao za dirisha moja na tutoboe tundu chini ya mlango. Akanijibu kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Ukigusa iyo dirisha, Papa, utarudia Butembo."

Sasa parokia imetuagiza mabenchi, na karakana moja jirani imevunjwa na wezi. Kambale ameamua kulala ndani ya karakana yetu alinde misumeno na vyombo vya kazi, kuanzia kesho. Nikasema nitamtengenezea kitanda cha miguu mirefu, asilale chini.

"Mabenchi kwanza," akasema. "Kitanda ni ya wagonjwa."

Paka wetu alizoea kulala juu ya maranda pale pembeni. Leo asubuhi Kavira alimwita kwa sambaza, wale dagaa wa ziwani, naye hakuinuka. Alikuwa amejikunja vizuri, bila jeraha. "Alikuwa muzee," Kavira akasema, akamtoa kwa beleshi.

Mchana Kambale ameingiza godoro. Ameliweka mahali pale pale, kwa kuwa maranda ni laini.

Nimeshika nyundo mara mbili na mara mbili nimeirudisha. Nikizibandua zile mbao, nitatoka katika nyumba hii bila mtoto. Nisipozibandua, nyumba hii huenda ikabaki bila yeye. Ninyi mlio na wana wakubwa wasiosikia, na ninyi mnaoyajua mawe yetu, nishaurini leo, kabla hajafunga mlango ule kwa ndani. Nifanye nini?